Panya wanavyogeuza gari lililoegeshwa kuwa kiota

WAKAZI wengi wa Kisumu na maeneo yanayopakana na Ziwa Victoria huliacha gari nyumbani kwa majuma kadha bila kuliendesha. Baadhi yao hufanya kazi Nairobi na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Wengine wamelazimishwa na bei ya mafuta kupanda matatu au bodaboda.

Siku wanapoamua kuliwasha, injini hukohoa, taa ya onyo huwaka, au gari hukataa katakata kunguruma. Fundi anapofunua boneti hukutana na kiota cha nyasi kavu, magunzi ya mahindi, vipande vya sifongo na nyaya zilizotafunwa hadi shaba ikabaki wazi.

Hasara inayotokana na uharibifu huo si ndogo. Magari mengi yanayoletwa nchini ni yale yaliyotumika Japani, na injini zake huongozwa na kompyuta inayopokea taarifa kupitia nyaya nyingi nyembamba. Waya mmoja ukikatika, fundi hana budi kuufuatilia tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mwenye teksi au gari la kusafirisha samaki, kila siku gari linaposhinda gereji ni siku isiyo na mapato.

Mharibifu mkuu ni panya. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, hivyo hulazimika kutafuna kila mara ili yasirefuke kupita kiasi. Waya, mpira na plastiki humfaa kwa kazi hiyo kama vile ganda la mti.

Mnamo 2016, wenye magari kadha huko California, Marekani, waliishtaki kampuni ya Toyota wakidai kwamba ganda la nyaya lililotengenezwa kwa mazao ya soya ndilo linalowavutia panya. Hata hivyo, panya walikuwa wakitafuna nyaya za plastiki ya kawaida miaka mingi kabla ya soya kuanza kutumiwa. Anayedhani kwamba gari lake kuukuu limesalimika kwa kuwa halina soya anajidanganya.

Katika nchi za baridi, panya hufuata joto la injini. Kisumu, ambako hata usiku wa manane hakuna baridi kali, kinachomvuta zaidi ni mahali pakavu, penye giza na utulivu, palipo karibu na chakula.

Mazingira ya eneo hili humpa sababu nyingi za kuhama. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, mto Nyando hufurika na kuyafunika mashamba ya uwanda wa Kano. Panya ambaye shimo lake limejaa maji hukimbilia palipoinuka, na chumba cha injini ni mahali pakavu palipoinuka. Vivyo hivyo, shamba la miwa linapokatwa au kuchomwa huko Muhoroni, Chemelil na Kibos, au mpunga unapovunwa Ahero, wanyama hao hubaki bila maficho na kuelekea maboma ya watu.

Kisha kuna omena. Gunia lililobebwa kwenye buti kutoka ufuoni Dunga au Usenge huacha vumbi, magamba na harufu ambayo mwenye gari huizoea upesi. Panya haizoei, kwake hiyo ni ishara kwamba chakula kiko ndani. Punje za mahindi, njugu zilizodondoka kati ya viti na makombo ya maandazi ya watoto huwa na matokeo yayo hayo.

Akishaingia jike mmoja, idadi huongezeka kwa kasi. Panya wa shambani wa aina iliyoenea sana Afrika Mashariki, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, hubeba mimba kwa muda wa wiki 3 hivi na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Gari lililoachwa kwa miezi miwili lina muda wa kutosha kulea kizazi kizima.

Hatari kubwa zaidi ni ya uhai. Kiota cha nyasi kavu kilicho juu ya bomba la moshi huweza kushika moto gari likiwa barabarani. Mpira wa mafuta uliotobolewa huvuja petroli karibu na injini yenye joto. Waya wa breki ukikatwa, mifumo ya kumsaidia dereva kusimama salama huzimika. Aidha, nyoka hufuata panya. Anayeona nyoka akijipenyeza chini ya boneti asimchokore kwa fimbo, bali akae mbali na kuwaita maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Panya hayuko peke yake. Nyigu wajengao kwa udongo, ambao kando ya ziwa hawakosi matope, huziba mirija myembamba kama ile ya maji ya kusafishia kioo. Udogo wa wadudu hawa usimpumbaze mtu. Mnamo 2011, kampuni ya Mazda iliyaita gereji zaidi ya magari 50,000 aina ya Mazda6 nchini Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakitanda utando katika mrija wa kupitisha hewa ya tangi la mafuta, jambo lililoweza kulipasua tangi hilo.

Mfano mchungu zaidi ni wa ndege. Mnamo Februari 6, 1996, ndege ya shirika la Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walishuku kwamba mrija wa kupimia kasi uliachwa bila kifuniko ndege ilipokuwa imeegeshwa kwa siku nyingi, na nyigu wa aina hiyo wakauziba.

Je, mwenye gari afanye nini?

Kwanza, aondoe chakula. Omena, mahindi na chakula cha kuku vibebwe katika vyombo vyenye vifuniko, na buti lioshwe kwa sabuni siku hiyo hiyo. Viti vya watoto vifagiliwe chini kabla ya gari kuachwa.

Pili, achague pa kuegesha. Gari lisikae kando ya ghala, jaa la taka, rundo la kuni au nyasi ndefu. Nyasi zifyekwe mita moja au mbili kulizunguka, na matawi yanayoligusa yakatwe, maana panya wa paani ni hodari wa kupanda. Turubai linaloburura hadi chini humpa panya giza analolitafuta. Lipandishwe juu ya magurudumu au liondolewe.

Tatu, avunje utulivu. Gari liendeshwe walau kila siku 2 au 3. Mwenyewe akiwa mbali, amwachie ndugu au mlinzi jukumu la kufungua boneti kila asubuhi na kuiacha wazi kwa saa kadha. Katika nchi nyingine watu huwasha taa chini ya gari usiku kucha. Kando ya ziwa njia hiyo ina kasoro: taa huvuta makundi ya wadudu warukao kutoka majini, nao buibui na mijusi huwafuata. Mwanga wa mchana unatosha.

Nne, azibe njia. Panya mchanga hupita katika tundu lenye upana wa kalamu. Fundi anaweza kuweka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 kwenye mlango wa hewa ya injini na ule wa hewa ya abiria, mradi wavu ufungwe imara na usizuie hewa. Honda huuza utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili. Harufu nyinginezo hufifia baada ya siku chache, na vyombo vya kutoa sauti panya huvizoea.

Tano, atege. Mitego ya kubana iwekwe kando ya ukuta na karibu na magurudumu, ikiwa na chambo cha omena au njugu, na ikaguliwe kila asubuhi. Isiwekwe kamwe ndani ya injini.

Kuna mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kumwagia injini dizeli au oili chafu, desturi inayoozesha mipira na kualika moto. La pili ni sumu. Panya aliyekula sumu mara nyingi hufia ndani ya mirija ya hewa, na uvundo wake hukaa garini kwa majuma. Paka au bundi akimla panya huyo naye huweza kufa, na hivyo boma hupoteza walinzi wake wa bure.

Baya zaidi ni kutumia dawa za shambani kama sumu ya panya. Eneo hili linajua madhara yake. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, dawa ya wadudu iitwayo Furadan iliwahi kutumiwa kuwaua ndege ambao nyama yao iliuzwa kwa watu. Mnamo 2009, baada ya simba pia kuuawa kwa dawa hiyo, kampuni ya FMC iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya.

Aliyekwisha kuvamiwa asikimbilie ufagio. Mkojo wa panya hueneza maradhi, yakiwemo yale yaliyozuka Lindi, Tanzania, mnamo 2022 na kupewa jina la homa ya mgunda. Betri ifunguliwe kwanza, mtu avae glavu na kuziba pua na mdomo, kiota kiloweshwe kwa dawa ya kuua viini, kisha kiokotwe kikiwa majimaji na kuzikwa au kuchomwa mbali na gari.

Kuhusu bima, ile ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya hulinda watu wengine wanaodhurika kutokana na gari, wala hailipii nyaya za mwenyewe. Mwenye bima kubwa aulize kwa maandishi iwapo uharibifu wa wanyama umejumuishwa. Ujerumani, ambako mnyama mdogo mithili ya kicheche hutafuna nyaya za magari, kampuni za bima zimekuwa zikilipia zaidi ya visa 200,000 kwa mwaka. Hapa kwetu ni vyema mtu asitarajie ukarimu huo kabla ya kusoma mkataba wake.

Mwisho, kabla ya kuwasha gari lililolala nje, pigapiga boneti mara mbili tatu. Huenda aliyelala humo ni paka aliyekuwa akimwinda panya. Wavu na mtego hugharimu kidogo mno kuliko nyaya mpya za injini, na wahenga walikwisha kunena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.