Vitamini A na Ulinzi wa Mwili

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kwamba chakula kina kazi tatu: kuutia mwili nguvu, kuujenga na kuulinda. Katika somo hili tutachunguza jinsi vitamini A, iliyomo katika baadhi ya vyakula, inavyousaidia mwili kupigana na magonjwa.

1. Askari waliomo katika damu

Damu yetu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe. Chembe nyekundu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka sehemu zote za mwili. Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Ni ndogo mno, hata hatuwezi kuziona bila hadubini.

Viini vya ugonjwa vikiingia mwilini, tuseme kwa njia ya kidonda, baadhi ya chembe nyeupe huviendea, huvizingira na kuvimeza. Chembe nyingi hufa katika vita hivyo. Usaha utokao katika jipu una chembe nyeupe nyingi zilizokufa.

2. Silaha yenye hatari

Chembe nyeupe ikishameza viini, huvishambulia kwa vitu vikali inavyovitengeneza kwa kutumia oksijeni. Kimojawapo cha vitu hivyo ni peroksidi ya haidrojeni. Pengine umepata kuiona dawa hiyo ikitoa povu inapotiwa juu ya kidonda.

Silaha hii ni nzuri, lakini haichagui adui. Ikizidi, huweza kumdhuru askari mwenyewe pamoja na chembe nyingine zilizo karibu naye. Mhunzi hawezi kufua jembe bila moto, lakini moto uo huo ukiachwa bila ulinzi huteketeza kibanda chake. Kwa sababu hiyo, mwili una vitu vinavyoituliza oksijeni kali. Vitu hivyo huitwa vizuia oksidi. Vingine mwili huvitengeneza wenyewe, na vingine huvipata katika chakula. Vitamini C, vitamini E na karotini ni miongoni mwa vile vinavyotoka katika chakula.

Umepata kuona panga lililoachwa nje wakati wa mvua? Oksijeni ya hewani, pamoja na unyevu, hulifanya lishike kutu. Panga lililopakwa mafuta halishiki kutu upesi. Vizuia oksidi huzilinda chembe za mwili kwa namna inayofanana kidogo na hiyo, ingawa mwilini hamna kutu.

Jaribio

Vifaa: ndizi mbivu moja, ndimu moja, kisu na visahani viwili.

Menya ndizi, uikate vipande sita. Weka vipande vitatu katika kila kisahani. Vipande vya kisahani cha kwanza vipake maji ya ndimu pande zote. Vya kisahani cha pili viache vilivyo. Baada ya saa mbili vitazame tena.

Utaona kwamba vipande visivyopakwa ndimu vimegeuka rangi na kuwa vyeusi zaidi kuliko vile vilivyopakwa. Oksijeni ya hewani imeshiriki katika kuigeuza rangi ya ndizi. Maji ya ndimu yana asidi, na pia yana vitamini C, ambayo ni kizuia oksidi. Vyote viwili vimeyachelewesha mageuzi hayo.

3. Jamaa ya vitamini A

Vitamini A si kitu kimoja. Ni jamaa ya vitu kadhaa vinavyofanana. Katika ini, mayai, maziwa na mafuta ya samaki kuna retinoli, ambayo ni vitamini A iliyo tayari. Katika mboga za majani na matunda ya rangi ya manjano kuna karotini. Mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A kwa kadiri unavyoihitaji, kisha huweka akiba ndani ya ini.

Mwaka 1913, wataalamu wawili wa Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis, waliwalisha panya vyakula vya namna mbalimbali. Panya waliopewa mafuta ya nguruwe waliacha kukua. Walipopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai, walianza kukua tena. Hivyo ilijulikana kwamba mafuta mengine yana kitu cha lazima kwa uhai. Baadaye kitu hicho kiliitwa vitamini A.

Vitamini A huusaidia ulinzi wa mwili kwa njia tatu:

(a) Huitunza ngozi laini ya ndani ya pua, koo, mapafu na matumbo. Ngozi hiyo hutoa ute unaonasa viini vya ugonjwa. Vitamini A ikipungua, ngozi hiyo hukauka, na viini hupenya kwa urahisi.

(b) Huelekeza ukuaji wa chembe nyeupe. Mwili huigeuza retinoli kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hii huingia hadi ndani ya kiini cha chembe na kuiamuru kazi ya kufanya. Bila amri hiyo, chembe nyeupe hazikomai vizuri.

(c) Karotini, kabla ya kugeuzwa, huweza kuituliza oksijeni kali na kuzikinga chembe.

4. Vitamini A na surua

Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kutoona vizuri jioni, giza linapoingia. Asipotibiwa, macho hukauka, na mwishowe huweza kupofuka. Lakini hatari haiko katika macho peke yake. Mtoto huyo akipatwa na surua au kuharisha, mwili wake hauna askari wa kutosha.

Mwaka 1932, daktari Joseph Ellison wa London aliwachunguza watoto 600 wenye surua. Watoto 300 walipewa vitamini A, na 300 hawakupewa. Katika kundi la kwanza walikufa 11, na katika kundi la pili walikufa 26. Uchunguzi kama huo ulifanywa pia Mvumi, katika Mkoa wa Dodoma, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1987. Kati ya watoto 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, na kati ya 92 wasiopewa walikufa 12.

Siku hizi mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitalini. Hata hivyo, kinga bora ya surua ni chanjo.

5. Tuipate wapi?

Si lazima kuwa na fedha nyingi ili kupata vitamini A. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yana karotini nyingi. Vivyo hivyo maembe mabivu, mapapai, karoti, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, na mafuta mekundu ya mawese yanayotengenezwa Kigoma. Mtoto mchanga huipata katika maziwa ya mama, hasa yale ya kwanza ya rangi ya manjano. Maziwa hayo yasikamuliwe na kumwagwa.

Karotini huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo mboga ziungwe kwa mafuta kidogo, karanga au nazi. Zipikwe kwa muda mfupi, na chungu kifunikwe. Mboga za kukaushwa zianikwe kivulini, kwa sababu jua kali huiharibu karotini.

Vidonge vya vitamini A visimezwe bila amri ya mganga, kwa maana retinoli ikizidi ni sumu. Hata vidonge vya karotini si salama kwa kila mtu. Mwaka 1994 ilitangazwa nchini Finland kwamba wavuta sigara waliopewa vidonge hivyo walipatwa na kansa ya mapafu zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Mboga na matunda ndiyo njia iliyo salama.

Maswali

1. Chembe nyeupe za damu huviuaje viini vya ugonjwa?
2. Kwa nini silaha za chembe nyeupe ni hatari kwa chembe zenyewe?
3. Eleza njia tatu ambazo vitamini A huusaidia ulinzi wa mwili.
4. Katika uchunguzi wa London, kwa nini kundi moja halikupewa vitamini A?
5. Andika majina ya mboga na matunda yapatikanayo kijijini au mtaani kwenu yenye karotini. Waulize wazazi wako jinsi yanavyopikwa au kuliwa, kisha ueleze jinsi ya kuihifadhi karotini yake.