Bima ya Afya kwa Mzee Aliye Ugenini

  Walimu, hakikisheni kila mwanakisomo ana kalamu na karatasi, maana leo tuna hesabu mbili fupi. Nanyi wanakisomo wa Ilomba, Mwanjelwa na Uyole, na ninyi mlio mbali upande wa Iringa, someni maneno haya polepole baada ya kipindi. Redioni maneno hupita upesi, lakini katika karatasi yanawangojea.

Somo letu la leo ni bima ya afya ya mzee anayekwenda kukaa katika nchi ya watu.

Jambo hili linatuhusu. Watoto wetu wamekwenda mbali. Wako walio Lusaka na Nairobi, na wako walio Uingereza, Marekani na Kanada. Mtoto akipata kazi na nyumba, hupenda kumwita mama yake au baba yake. Pengine mjukuu amezaliwa na bibi anahitajiwa. Pengine baba amebaki peke yake nyumbani, na mtoto hana raha. Basi tiketi hununuliwa, majirani huja kuaga, na mzee husafiri. Katika matayarisho hayo yote, mara nyingi swali moja husahauliwa. Swali lenyewe ni hili: mzee huyu akiugua huko, nani atalipa?

Bima ni nini?

Tuanze na jambo tunalolijua. Katika mitaa yetu viko vyama vya kuzikana. Kila kaya hutoa fedha kidogo kidogo. Hakuna anayeomba msiba umfike, lakini msiba ukimfika mmoja, chama hutoa fedha, sufuria, turubai na watu wa kusaidia. Aliyefiwa hapati taabu ya kukopa huku analia.

Bima ya afya ni chama cha namna hiyo, ila kazi yake ni matibabu. Wazima huchangia pamoja na wagonjwa. Anayeugua mwaka huu hulipiwa kwa fedha za wengi, na mwaka ujao pengine zamu itakuwa ya mwingine.

Sasa shikeni mambo mawili juu ya chama cha kuzikana. La kwanza, huwezi kujiunga siku ya msiba. La pili, chama kina mipaka. Mwanachama wa Ilomba akihamia Tukuyu na kuacha kuchangia, chama cha Ilomba hakitamfuata huko. Na chama cha Tukuyu hakimjui bado. Kwa muda fulani mtu huyo hana chama kabisa. Muda huo tutauita pengo. Wazee wengi wanaokwenda nchi za nje huanguka katika pengo hilo.

Kadi ya hapa hufanya kazi hapa

Katika Tanzania tuna Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kutoa huduma mwaka 2001. Mtumishi wa serikali aliye mwanachama huchangia asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3. Mtumishi huyo anaweza kuwaandikisha wazazi wake kuwa miongoni mwa wategemezi wake. Tena, Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilisema kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Na mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Haya yote ni mema, lakini yamewekwa kwa ajili ya matibabu ya hapa nchini. Fikirini mji wa Tunduma. Mtu akivuka mpaka kwa miguu, hatua chache tu, amekwisha kuwa Nakonde katika Zambia. Mwili wake ni ule ule, na shinikizo lake la damu ni lile lile. Lakini kitambulisho cha mzee cha kutibiwa bure alichokitumia zahanati ya kwao, muuguzi wa Nakonde hana wajibu wa kukipokea. Ikiwa hali ni hiyo ng'ambo ya barabara, itakuwaje ng'ambo ya bahari?

Maswali matatu ya mwenye nyumba

Kila nchi ina sheria zake, lakini karibu zote humwuliza mgeni maswali matatu. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni.

1. Je, umekuja kutembea, au umeruhusiwa kuishi hapa?
2. Umeishi hapa kihalali muda gani?
3. Umechangia nini?

Angalieni swali ambalo halimo. Hawaulizi, "Una mtoto hapa?" Watu wengi hudhani kwamba mtoto akiwa raia wa nchi ile, au akikatwa kodi kila mwezi, basi mama yake atatibiwa kwa kodi hiyo. Sivyo. Kwa kawaida haki ya mtoto haimfuniki mzazi aliyekuja kutembea. Hili ndilo jambo kubwa katika somo la leo, kwa hiyo nalisema tena: haki ya mtoto haimfuniki mzazi aliyekuja kutembea.

Sasa tutazame nchi nne, tuone maswali hayo yanavyofanya kazi.

Kenya

Kenya ilitunga sheria mpya ya bima ya afya ya jamii mwaka 2023, na mpango wake ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mfanyakazi huchangia asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mchango wa chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Sheria inamtazama mgeni kwa muda wake wa kukaa. Akiwa mkazi wa zaidi ya miezi 12, hutakiwa kujiandikisha na kuchangia kama wenyeji. Akija kwa muda usiofika miezi 12, hutakiwa kuwa na bima ya safari. Basi mzee anayekwenda Nairobi kukaa na mwanawe aseme mapema: ninakwenda kwa miezi, au kwa miaka?

Uingereza

Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948. Gharama zake hutoka hasa katika kodi, na mkazi halipi anapolazwa hospitali. Habari hiyo imeenea duniani, na ndiyo huwapotosha wageni. Huduma ni bure kwa wakazi, lakini mgeni anayetembea si mkazi.

Mtu anayepewa viza ya zaidi ya miezi 6, kwa mfano ya kazi au ya masomo, kwa kawaida hulipa ada ya afya pamoja na maombi yake. Tangu tarehe 6 Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Akiisha kulipa, hutibiwa kama mkazi.

Bibi anayekwenda kumwona mjukuu hupewa viza ya kutembea, kwa kawaida ya miezi 6. Yeye halipi ada ile. Kwa hiyo hospitali za England zitamtoza, tena kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya huduma hiyo. Haya, shikeni kalamu.

Hesabu ya kwanza. Tuseme bei ya kawaida ya matibabu ni pauni 2,000. Mgeni atalipa kiasi gani? Asilimia 100 ni pauni 2,000. Asilimia 50 ni nusu yake, yaani pauni 1,000. Jumlisha: pauni 3,000.

Yako mambo yasiyotozwa. Kumwona daktari wa mtaa ni bure. Huduma ya chumba cha dharura ni bure, lakini mgonjwa akipandishwa wodini malipo huanza. Kifua kikuu, malaria na magonjwa mengine ya kuambukiza hutibiwa bila malipo. Na mtu aliye katika hatari ya kufa hafukuzwi kwa kukosa fedha. Hutibiwa kwanza, na hati ya deni hufuata. Kwa hiyo mzee mwenye maumivu ya kifua asikae kimya kwa kuogopa gharama. Aende hospitali mara moja.

Lakini deni ni deni. Mgeni akidaiwa pauni 500 au zaidi, na miezi 2 ikapita bila kulipa wala kupatana juu ya kulipa kidogo kidogo, maombi yake ya viza yanaweza kukataliwa. Hapo ndipo uchungu ulipo. Bibi alikwenda kumwona mjukuu mara moja, na kwa deni hilo huenda asimwone tena.

Marekani

Marekani ina bima ya serikali kwa ajili ya wazee. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi sheria yake tarehe 30 Julai 1965, na kwa kawaida mtu huanza kuitumia akifika umri wa miaka 65. Mzee wetu anaweza kusema, "Mimi nina miaka 70, basi ninastahili." Umri peke yake hautoshi. Mzee anayekwenda kutembea hana nafasi katika bima hiyo. Aliyepewa hati ya ukaaji wa kudumu, na ambaye hakufanya kazi huko, kwanza hungoja mpaka amalize miaka 5 mfululizo, ndipo anaweza kuomba kuinunua. Na anayetaka kupata sehemu ya hospitali bila kulipa kila mwezi, lazima yeye au mume au mke wake awe amefanya kazi na kuchangia robo-mwaka 40.

Hesabu ya pili. Mwaka mmoja una robo 4. Robo 40 ni miaka mingapi? Gawanya 40 kwa 4. Jibu ni miaka 10. Mzee aliyefika huko akiwa na miaka 68 ataipata wapi miaka 10 ya kazi?

Kanada

Kanada huonyesha mlango mwingine. Iko viza maalum ya wazazi, babu na bibi, ambayo humruhusu mzee kukaa mpaka miaka 5 kwa safari moja. Lakini hapewi mpaka aonyeshe bima binafsi ya matibabu inayodumu mwaka mmoja au zaidi na yenye kinga isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Yaani serikali humwambia, "Karibu, lakini njoo na chama chako mwenyewe."

Tusidhani kwamba nchi za mbali tu ndizo zenye masharti hayo. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mgeni kutoka nje ya Tanzania anunue bima ya safari ya dola 44 za Kimarekani.

Kabla ya kununua tiketi

Basi familia ifanye nini? Fuateni hatua hizi.

Kwanza, kaeni pamoja, mzee na watoto, mzungumze wazi. Anakwenda kutembea au kuhamia? Viza ya kutembea isitumiwe kuhamia. Mzee akipitisha muda wake, hukosa haki ya kukaa, na matibabu pia humwia magumu.

Pili, mpelekeni mzee apimwe kabla ya safari. Aende na dawa zake za kutosha, pamoja na maandishi ya daktari yanayotaja ugonjwa na dawa.

Tatu, kama ni safari ya kutembea, nunueni bima ya safari, na msiufiche ugonjwa. Wazee wengine huficha kisukari au shinikizo la damu ili bei ipungue. Hiyo ni hasara. Kampuni ikigundua, inaweza kukataa kulipa, na ile bei yenyewe imekwisha kupotea. Ulizeni, "Je, bima hii inalipia ugonjwa aliokuwa nao kabla?" Jibu liwe katika maandishi.

Nne, someni kiwango cha juu ambacho bima italipa, na tarehe ya mwisho. Ninyi sasa mnajua kusoma tarehe na tarakimu. Hakuna haja ya kutia sahihi karatasi mliyosomewa na mtu mwingine kwa haraka.

Tano, msiache uanachama wa hapa nyumbani ukatike hivi hivi. Wengi hurudi. Kabla ya safari, ulizeni katika ofisi ya bima namna ya kuutunza, ili mzee akirudi asikute pengo jingine linamngoja.

Ndugu wasikilizaji, kumwita mzazi ni jambo la heshima. Lakini heshima haiishii uwanja wa ndege. Mtoto anayemnunulia mama tiketi na koti la baridi, na asimtafutie bima, amemtayarishia njia nusu tu.

Maneno mapya

*Bima*: mpango wa watu wengi kuchangia ili atakayepatwa na shida alipiwe.
*Mkazi*: mtu aliyeruhusiwa kuishi mahali, wala hakuja kutembea tu.
*Mtegemezi*: mtu anayetunzwa na mwanachama na kuandikwa chini ya jina lake.
*Viza*: ruhusa ya kuingia katika nchi nyingine.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini mtu hawezi kujiunga na chama cha kuzikana siku ya msiba? Linganisheni na bima.
2. Mama anakwenda Uingereza kwa miezi 4. Akilazwa wodini, nani atalipa? Angefanya nini kabla ya safari?
3. Katika mtaa wetu wako wazee waliotoka Malawi au Zambia? Wakiugua, wanapata wapi msaada? Sisi tungependa watoto wetu watendewe namna gani huko waliko?