Vihusishi vya wasiwasi katika Kiingereza

Kiingereza hakina kihusishi kimoja cha kuelezea wasiwasi. Kila neno lina kihusishi lilichozoeana nacho, na kikibadilishwa, mara nyingi maana nayo hubadilika.

Kivumishi "anxious" hufuatwa na "about" panapotajwa chanzo cha wasiwasi: "She is anxious about the exam", yaani mtihani unamtia hofu. Kikifuatwa na "for" kisha mtu, huyo ndiye anayehofiwa asije akapatwa na baya: "She is anxious for her son." Ila "for" hiyohiyo ikitangulia jambo linalongojwa, hamu huingia: "anxious for news" ni kungoja habari kwa shauku na wasiwasi pamoja. Vivyo hivyo, "anxious to leave" ni mwenye kutaka sana kuondoka, ilhali anayeogopa kuondoka ni "anxious about leaving". Hapo kitenzi huishia na "-ing" kwa sababu kimetanguliwa na kihusishi. "Anxious of" haitumiki.

Nomino "anxiety" hukubali "about" na "over". "Worried" huenda na "about", nayo "afraid" na "scared" huchukua "of" kwa kinachoogopwa. Kiswahili kazi hiyo hukiachia kitenzi chenyewe: kumwogopa mtu ni jambo moja, kumwogopea ni jingine, na kinachotofautisha ni kiambishi cha kutendea. Kiingereza hakina kiambishi hicho, hivyo mzigo hubebwa na kihusishi: "afraid of him" ni kumwogopa, "afraid for him" ni kumwogopea. Mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili huteleza hapo, maana kuogopa hakuhitaji kihusishi chochote kabla ya kinachoogopwa.

Wasiwasi unapoandikwa kama maradhi, vihusishi ni vingine. Mgonjwa "suffers from anxiety". Daktari akishautambua ugonjwa, mgonjwa huwa "diagnosed with anxiety". Na tiba ni "treatment for anxiety". Kukabiliana na hali hiyo ni "cope with anxiety". "Cope up with", inayosikika sana Afrika Mashariki, imeongezewa "up" isiyohitajika. Kosa la aina hiyo limo pia katika "discuss about anxiety". Kitenzi "discuss" hakitaki kihusishi: huandikwa "discuss anxiety". "About" hurudi pale tu kitenzi kinapogeuzwa nomino: "a discussion about anxiety".