Lakabu za Madereva wa Mbio za Magari na Kufifia Kwake

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba lakabu ni jina ambalo mhusika hubandikwa na wenzake, au hujibandika mwenyewe, kutokana na umbo, tabia au tendo lake. Mifano inayotolewa darasani aghalabu huchotwa katika riwaya na tamthilia. Hata hivyo, upo uwanja mwingine ambao kwa miongo mingi ulizaa lakabu kwa wingi, nao ni uwanja wa mbio za magari. Leo chemchemi hiyo inakauka. Madereva wapo na magari yana kasi kuliko ya zamani, ila majina ya utani yamepungua, na mengi ya yaliyosalia hayana ladha.

Mfano wa karibu na nyumbani ni Joginder Singh, Mkenya aliyeshinda mashindano ya Safari mara tatu, yaani mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Magazeti ya Kiingereza yalimwita ‘Flying Sikh’, maana yake Singasinga Arukaye. Muundo huo haukuwa mgeni. Mwitaliano Tazio Nuvolari alikwisha kuitwa Mtu wa Mantova Arukaye. Wanariadha na madereva wa Ufini waliitwa Wafini Warukao. Na mkimbiaji Milkha Singh wa India alipewa jina lile lile la Joginder. Hiki ni kiunzi kilicho tayari: mwandishi hulitwaa neno ‘arukaye’, akaliongezea kabila au mji, kazi ikaisha.

Lakini Joginder alikuwa na lakabu ya pili, ‘Simba wa Kenya’, na yafaa majina haya mawili yawekwe bega kwa bega. La kwanza linamtambulisha kwa jamii yake. La pili linamtambulisha kwa nchi yake. Kenya ilijipatia uhuru mwaka wa 1963, na katika miaka iliyofuata swali la nani mwenyeji na nani mgeni liliwakabili Waasia wengi. Kumwita mmoja wao Simba wa Kenya kulikuwa ni kumpa uraia usiohitaji muhuri wa ofisi yoyote. Lakabu, basi, haikuwa pambo tu. Ilikuwa tamko la umma kwamba huyu ni wetu.

Huko Marekani, ambako chama cha mbio cha NASCAR kiliundwa mwaka wa 1948, lakabu zilistawi zaidi, na tamathali nyingi tuzijuazo zimo humo. Edward Glenn Roberts alijulikana kwa jina ‘Fireball’, yaani Tufe la Moto. Msikilizaji hudhani jina hilo lilitokana na kasi ya gari. Sivyo, alilipata katika mchezo wa besiboli ujanani, kwa jinsi alivyourusha mpira. Mwezi wa Mei mwaka wa 1964 gari lake liliwaka moto katika mbio za Charlotte, naye akafariki Julai kwa majeraha hayo. Mwandishi wa tamthilia angeibuni kinaya kama hiyo, wahakiki wangemlaumu kwa kutia chumvi. Kinaya ya aina nyingine, nyepesi na ya kuchekesha, ilikuwa katika jina la DeWayne Lund, mshindi wa Daytona 500 ya mwaka wa 1963. Lund alikuwa pande la mtu, miraba minne, nao wenzake wakamwita ‘Tiny’, Kadogo.

Juan Manuel Fangio wa Argentina, bingwa wa dunia wa langalanga mara tano, aliitwa ‘El Chueco’, jina linaloweza kufasiriwa kuwa Matege. Naye pia alibandikwa jina hilo akiwa kijana mcheza kandanda mjini Balcarce, kabla ya kupata umaarufu wa usukani. Inafaa kuzingatia jambo hili: Fangio na Roberts waliingia mbioni wakiwa na majina tayari, kwa kuwa walikuwa wameishi kwingine kwanza, miongoni mwa watu waliowajua miguu na mikono kabla ya kuyajua magari yao.

Lakabu nyingine zilizaliwa kwa ugomvi. Mwaka wa 1977, baada ya magari kugongana uwanjani Darlington, Cale Yarborough alimwita Darrell Waltrip ‘Jaws’, Mataya. Jina hilo lilikuwa la papa katika filamu mashuhuri ya mwaka wa 1975, na wakati huo huo lilimsuta Waltrip kwa kusema kwake kusikokoma. Kiswahili kingemwita Domo, na maana zote mbili zingekaa. Tena, Don Prudhomme alipokuwa akiitwa Nyoka, upande wa mpinzani wake Tom McEwen ulijibu kwa jina Nguchiro, mnyama ajulikanaye kwa kuua nyoka. Haya ni majibizano hasa, jina likilijibu jina kama beti mbili za washairi wanaoshindana.

Ni kweli kwamba Nyoka na Nguchiro walifadhiliwa na kampuni ya vitu vya watoto vya kuchezea mwaka wa 1970, kwa hivyo si haki kudai kuwa biashara peke yake ndiyo iliyoua lakabu. Kwanza biashara ilizilisha, baadaye ikazifuga. Dale Earnhardt aliitwa ‘Intimidator’, Mtishaji, kwa namna alivyowasukuma wenzake barabarani. Kabla ya kifo chake mwaka wa 2001, jina hilo lilikuwa limekwisha kuchapishwa kwenye kofia na fulana. Tangu hapo dereva amezidi kuwa bango la mdhamini, na mdhamini hapendi bango lake liitwe Matege au Domo. Katika langalanga, runinga humfupisha dereva kwa herufi tatu za jina lake la ukoo: Hamilton ni HAM, Verstappen ni VER. Huo ni ufupisho, si lakabu, kwani hausemi lolote kuhusu mwenyewe.

Utoto nao umebadilika. Kalle Rovanperä, mshindi wa Safari mwaka wa 2022 na 2024, alikuwa akiendesha gari tangu umri wa miaka minane. Aliyelelewa hivyo hapati nafasi kubwa ya kuchekwa na wenzake wa mtaani kwa mpira alioukosa. Badala yake, dereva wa leo hujichagulia. Daniel Ricciardo wa Australia, aliyeondoka katika langalanga mwaka wa 2024, alijifananisha na nyegere na kumchora mnyama huyo kwenye kofia yake ya chuma. Istiari ni nzuri, na Mwafrika Mashariki anayemjua nyegere ataielewa upesi. Ila jina la kujipa hubeba sifa peke yake. Jina la kupewa hubeba sifa pamoja na kasoro.

Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 baada ya kuwa nje tangu 2002. Carl Tundo, Mkenya aliyewahi kuishinda, huandikwa magazetini kwa lakabu ya ‘Flash’ katikati ya majina yake mawili. Joginder Singh alifariki London mwaka wa 2013, na katika taarifa za kifo chake yule Singasinga Arukaye alitajwa tena na tena.