Mgonjwa wa kiharusi anayejisukuma upande uliopooza

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu mama yake, aliyepata kiharusi na kupooza upande wa kushoto. Kila akikalishwa kitandani, mkono wake mzima wa kulia unakita godoro na kumsukuma kushoto, huko huko kusiko na nguvu. Bintiye akijaribu kumrudisha katikati, mama anapiga kelele kwamba anaangushwa. Majirani wanasema amekuwa mkaidi, na wengine wameshataja mashetani.

Hali hii inajulikana. Patricia Davies, mtaalamu wa fiziotherapia, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1985, na utafiti wa Copenhagen uliochapishwa 1996 uliikuta kwa takriban asilimia 10 ya wagonjwa wa kiharusi. Kiharusi chenyewe na presha inayokileta nitaviacha, vimeandikwa sana. Swali linalonikosesha usingizi ni hili: mtu anajuaje kwamba amekaa wima?

Wengi watajibu kwamba ni kazi ya sikio la ndani. Ni kweli, mle mna vijiwe vidogo mno vinavyoelemea upande kichwa kinapoinama. Lakini watu waliopoteza hisi hiyo kabisa, ukiwakalisha gizani, bado hukisia wima bila kukosea sana. Kumbe kiwiliwili nacho kinapima! Ngozi ya makalio inahisi uzito umelalia wapi, misuli ya mgongo inahisi imevutwa kiasi gani, na mwaka 1996 Mjerumani Horst Mittelstaedt alitoa hoja kwamba hata figo zinashiriki, kwani nazo zina uzito wake, na mwili ukiinama huvuta upande. Figo tunazozijua kwa kuchuja mkojo, kumbe huenda zinatuambia pia chini ni wapi.

Habari hizo hukusanywa ubongoni, hasa katika sehemu yake iitwayo thalamasi, na kutupatia kitu nitakachokiita wima wa mwili. Nilifikiria kusema "hisi ya msawazo" nikaacha, maana msawazo ni matokeo, na hapa tunazungumzia kipimo. Upo pia wima wa macho, na huo ni kipimo kingine kabisa.

Mwaka 2000 Hans-Otto Karnath na wenzake, huko Ujerumani, waliwakalisha wagonjwa wa aina hii kwenye kiti kinachoinamishwa, macho yakiwa yamefunikwa, wakawaomba waseme wakihisi wako wima. Waliitikia wakiwa wameinama kwa nyuzi 18 hivi. Lakini walipoonyeshwa mstari unaong'aa gizani ili wausimamishe, waliusimamisha sawasawa. Macho yao hayakuwa na kasoro. Mwili ndio uliokosea.

Mfikirie fundi mwashi ambaye kamba ya timazi yake imenasa kwenye msumari. Ni fundi mwangalifu: kila tofali anapima, na kila akipima ukuta unazidi kwenda upande. Ukija ukausukuma ukae sawa, timazi inamwambia unaubomoa, naye anakimbilia kuweka nguzo ya kuuzuia. Ukiongeza nguvu, anaongeza nguzo. Ubishi wake wote ni uaminifu kwa kipimo alichonacho. Dawa yake ni kumwonyesha nguzo ya umeme iliyosimama wima ng'ambo ya barabara, aone kwa macho yake kwamba ukuta na nguzo havilingani, kisha ajenge kwa jicho mpaka timazi inasuke.

Vipimo vya Ufaransa vya mwaka 2008 vilitofautiana na vya Karnath kuhusu timazi ya mwili wa wagonjwa hawa inaegemea upande upi. Kitandani kwa mama, hilo halibadilishi cha kufanya.

Basi dada, acha kumvuta. Mkalishe akitazama fremu ya mlango au nondo za dirisha, umuulize: nondo zimesimama? Wewe je, umelingana nazo? Mwache agundue mwenyewe kwamba ameinama. Kisha kaa upande wake wa kulia, umwombe akuegemee bega, au aunyooshe mkono mzima kuchukua kikombe ulichokiweka upande huohuo. Mkono unaofuata kikombe hauwezi kukita godoro. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe hatua hizi kwanza, na msimwache peke yake ukingoni mwa kitanda hata kwa dakika moja.

Katika utafiti wa Copenhagen, wagonjwa wa aina hii walihitaji wiki 3.6 zaidi kufikia hatua ileile ya kupona waliyofikia wenzao. Walichelewa, lakini walifika. Kwa walio wengi, huku kujisukuma huisha ndani ya miezi 6. Waambie majirani hivyo, na mwambie mama mwenyewe, kwa sababu huenda naye ameanza kuamini kwamba ni mkaidi.