Nati Iliyoshikwa na Kutu

Ukitaka kujua Chang'ombe iko karibu kiasi gani na bahari, lala chini ya gari uitazame nati ya chini ya shokapu. Kingo zimelika, na hesi zinazochomoza zimejaa unga mwekundu. Upepo unaopitia Kurasini na bandarini hubeba chembe za chumvi, na chumvi hunyonya maji hewani hadi ikayeyuka yenyewe pindi unyevu unapozidi asilimia 75. Alfajiri nyingi za Dar es Salaam huvuka kiwango hicho. Kwa hiyo nati hulowa hata siku isiyo na tone la mvua, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, jambo linaloharakisha kutu. Kama gari lilitumika Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, basi kutu ilianza kabla halijapakiwa melini.

Shida si kwamba chuma kimeliwa. Shida ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hadi 6. Kati ya nati na bolti nafasi ni finyu mno, kutu haina pa kwenda, hivyo inasukuma pande zote na kubana.

Hapo ndipo watu huchomeka bomba kwenye spana. Tupige hesabu. Bolti ya kawaida ya milimita 12 hufungwa kwa nyutoni-mita 80 hadi 110 hivi. Mtu wa kilo 70 akining'inia kwenye ncha ya bomba la mita 1 anatoa karibu nyutoni-mita 700. Nati ikigoma, kitakachokatika ni bolti, au pembe za nati zitaviringika, hasa ukitumia soketi ya pembe 12 badala ya pembe 6.

Kinachohitajika ni kuvunja ganda la kutu, na ganda hilo ni gumu lakini halipindiki. Nyundo inalifaa kuliko bomba. Gonga ubavuni mwa nati, geuza upande, gonga tena. Kisha jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Ikisogea hata kwa unywele, ufa umepatikana na mafuta yana njia. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili ya gia boksi ya otomatiki hupanda ndani ya ufa kama yanavyopanda utambi wa kibatari. Oili ya injini ni nzito mno kwa kazi hiyo. Paka jioni, rudi asubuhi. Fundi mwenye haraka hapendi kusikia hivyo, lakini mafuta hayaharakishwi.

Dawa kali zaidi ni moto. Ukiipandisha nati joto la nyuzi 300 kabla bolti haijapata moto, tundu lake la milimita 12 hutanuka kwa takribani milimita 0.04. Ni kidogo, ila kutu hupasuka. Chang'ombe, penye chuo cha VETA na gereji tele, mtungi wa gesi hauko mbali. Tatizo ni kwamba shokapu ina oili ndani, mara nyingi na gesi iliyoshindiliwa, nayo ikipata moto inaweza kulipuka. Hapa moto ni marufuku, sawa na karibu na tangi la petroli au mabomba ya breki.

Inabaki kuikata. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake, na macho yafunikwe kwa miwani. Saga ubavu mmoja wa nati kwa grainda, ukiacha utando mwembamba usije ukagusa hesi, kisha tia tindo. Nati itapasuka na kuachia. Kwenye magari mengine bolti hiyo imeshikamana na ekseli, kwa hiyo ni heri kuipoteza nati.

Ukifunga mpya, sugua hesi kwa brashi ya waya, paka grisi ya shaba, halafu punguza mkono wa kukaza. Kwa kawaida karibu asilimia 90 ya nguvu ya spana humezwa na msuguano na asilimia 10 tu ndiyo huvuta bolti. Grisi ikipunguza msuguano, mkono uleule huivuta zaidi. Nati za rimu usizipake kitu.