Mdogo Akipangiwa Bingwa

Vijana wanaocheza drafti na vifuniko vya soda wakingoja majani chai yapimwe wametuuliza: kwenye mashindano ya sataranji, mbona anayeanza anapangiwa bingwa? Si ni kumwonea?

Tuchukue Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Alifundishwa na Robert Katende, aliyewapa watoto uji pia, na wengine, tusifichane, walifuata uji kwanza. Mwaka 2010 alienda Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Mchezo wa kwanza akakutana na Dina Kagramanov wa Kanada, akashindwa.

Haikuwa bahati mbaya. Timu hupangwa kwa nguvu, halafu nusu ya juu hukutanishwa na nusu ya chini. Ukishindwa hutolewi, raundi inayofuata unapewa mwenye pointi kama zako.

Nguvu yenyewe hupimwa kwa hesabu ya Arpad Elo. Tofauti ikiwa alama 400, mkubwa hutarajiwa kupata karibu pointi 91 kwa michezo 100. Basi mdogo akishindwa hupoteza alama kidogo sana. Akitoka sare tu anapanda, na mkubwa anashuka. Sasa mwenye wasiwasi hapo mezani ni nani?

Mwaka 2012, Olimpiadi ya Istanbul, Mutesi alipata cheo cha kimataifa cha wanawake, kile cha ngazi ya kwanza.

Ubao wenu wa drafti wenye vyumba 64 unatosha kabisa. Kinachokosekana ni vipande 32, na akina dada kwa benchi.